Kengele Zikilia Mbili

Wa kwanza kusinzia alikuwa Papa Ildephonse. Alisinzia wakati dada Philister bado anahangaika na waya za kompyuta, kabla neno la kwanza la semina halijatoka, na kichwa chake kikateremka taratibu hadi kwenye bega la mkewe, ambaye naye alikuwa amefumba macho. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi ambao kanisa la Wakongomani lilikodi kwa kanisa la wenyeji wa Oakdale, Minnesota, huko Marekani. Wenyeji humaliza kumwabudu Mungu mapema, kisha huenda kula. Wakongomani huingia mchana, viti vikiwa bado na joto. Ukutani yakatokea maandishi makubwa: TUMIA SAA ZAKO, ZISIKUTUMIE WEWE.

"Bwana asifiwe!"

"Amina," waliitikia waliokuwa macho.

Philister Wanjala alikuwa Mkenya, nesi mwenye cheo katika nyumba ya wazee huko Maplewood. Alikuwa mwanamke ambaye hata akikaa ungedhani amesimama. Wengi pale ukumbini walipata kazi zao za kwanza kwa mkono wake. Aliwapigia simu watu anaowajua, akawafundisha kumtazama Mzungu machoni wakati wa usaili, akawaazima hata viatu. Kwa hiyo alipomwomba Mchungaji Mugisho nafasi ya kufundisha matumizi ya wakati, nani angesema hapana? Na yeye ndiye aliyewafundisha siku ile kusema hapana. Aliwafundisha pia kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, kufungia simu kabatini wakiingia kazini, na kuikata siku vipandevipande, kila kipande kipewe kazi yake na kimoja kiachwe cha kupumzika.

"Focus ni discipline, watu wangu," alisema. "Si mnaona? Mtu busy si mtu mwenye kazi nyingi. Ni mtu asiyejipanga."

Alikuwa akiwaambia hayo akina mama waliotoka kusafisha ofisi wakaja moja kwa moja kanisani, na akina baba ambao wangetoka kwenye viti vile waende kupanga nyama ndani ya majokofu makubwa kama nyumba. Watu hawa waliishi katika kambi ya wakimbizi hadi watoto waliozaliwa humo wakawa na watoto wao. Walikuwa na saa zote za dunia, wakazimaliza kwenye foleni: foleni ya maji, foleni ya mahindi, foleni ya kuhesabiwa. Miaka yote ile hakuja hata mtu mmoja na kompyuta kuwafundisha thamani ya wakati. Wakati wao ulianza kuwa na thamani siku ulipoanza kuwa mali ya mtu mwingine.

Mwanamke mmoja aliinua mkono. Alikuwa Perpétue, mama Merveille, aliyefanya kazi chini ya Philister huko Maplewood.

"Dada, mimi nina swali. Unasema jambo moja kwa wakati mmoja. Bon. Kengele zikilia mbili? Mzee mmoja huku, mwingine kule, na wewe uko peke yako?"

"Unachagua lililo muhimu zaidi," Philister alijibu haraka. "Lakini nafurahi umeuliza, kwa sababu mara nyingi tatizo si kengele. Kuna mtu mmoja kazini kwetu, sitamtaja. Akiingia chumba cha mzee, lazima amsalimie. Umelalaje, umeota nini, mgongo unasemaje, watoto wamepiga simu? Jamani! Beji yetu inahesabu muda tangu unafungua mlango. Mwenzake ameshamaliza vyumba vitatu, yeye bado anasalimia."

Watu walicheka. Kisha kicheko kikafa chenyewe, maana kanisa zima lilijua kwamba Mkongomani aliyebaki kazini kwa Philister ni mmoja tu. Perpétue naye alicheka kidogo, akashusha mkono ambao alikuwa amesahau kuushusha.

* * *

"Alikutukana mbele ya watu," Eliezer, mumewe, alisema garini wakirudi Burnsville.

"Hakunitaja."

"Mama Merveille, hata kipofu alikuona."

Kwenye kiti cha nyuma, binti yao Merveille aliondoa kidude kimoja cha kusikilizia sikioni. "She's not wrong though, Mom. You do talk a lot."

"Mimi siingii chumba cha mama wa watu nimvue blanketi kama navua gunia," Perpétue alisema. "Mtu amelala peke yake usiku mzima. Hata mbuzi, ukimfungulia asubuhi, unamwambia neno."

Eliezer alijua mkewe ameshapewa maonyo mawili kwa sababu ya beji ile. La tatu ni kufukuzwa. Na yeye mwenyewe, tangu ghala lao lipunguze shifti, alikuwa akiitwa kazini wanapomhitaji tu. Mshahara wa Maplewood ndio uliokuwa unalipa nyumba.

"Sasa Jumatano uache kuongoza maombi," alisema. "Mungu anajua uko kazini."

"Naongoza wakati wa chakula. Hiyo ni saa yangu."

"Kama ni yako."

Maombi hayo yalikuwa ya simu. Kila siku ya kazi, saa sita mchana, waumini walipiga namba moja, wakaingiza namba ya siri, wakakutana hewani kutoka kila walikotawanyika. Mmoja alisafisha vyoo vya uwanja wa ndege, mwingine alipakia maboksi, mwingine alikuwa akimwogesha mzee. Wote wakiwa na kidude sikioni, kimya, wakiitikia amina moyoni. Aliyetaka kusikika alibonyeza nyota na sita. Akimaliza alibonyeza tena nyota na sita ili anyamaze. Mwenye kuikodi laini ile na kuisimamia alikuwa Philister. Yeye hakuwahi kuingia saa sita, hakuwa na nafasi, lakini kila maombi yalihifadhiwa, na jioni aliyasikiliza garini akirudi nyumbani. Ndiyo maana hakuwahi kukosa hata siku moja. Alijipanga.

* * *

Jumatano Perpétue aliingia chumba cha mashuka, akafunga mlango, akapiga namba, akabonyeza nyota na sita. Aliwaombea wagonjwa. Aliwaombea walioachwa kwao, Uvira na Minembwe. Alikuwa ameanza kumwombea mtoto wa mtu anayefanya mtihani wa udereva kwa mara ya nne, na wengi walikuwa wanatabasamu popote walipo, mlango ulipofunguliwa.

"Perpétue. Toka huko."

"Dada, niko kwenye break."

"Break gani? Watu wawili wa korido nyingine hawakuja, hakuna wa kutusaidia. Tuko mimi na wewe, korido nzima. LaVonne anataka choo."

Perpétue alitumbukiza simu kwenye mfuko wa sare na kutoka. Nyota na sita hakuikumbuka.

Kule Burnsville, Eliezer alikuwa jikoni anasonga ugali, simu imelazwa mezani ikisema kwa sauti. Alisikia maombi yakikatika, akasikia viatu vya mkewe vikilia sakafuni, kisha mlango. Kisha sauti yake ikizungumza Kiingereza chake cha polepole, ile sauti ambayo nyumbani aliitumia kwa mtoto mwenye homa.

"Good afternoon, LaVonne, my mama. How is the leg? The leg is angry today? Okay. Okay. We go slowly."

"You're late, Petunia," ilisema sauti ya bibi. LaVonne hakuweza kulitamka jina la Perpétue, akampa jina la ua.

"I am late. You forgive me. Hold here."

Maji, kitambaa, pumzi za watu wawili wanaosogea pamoja. Kisha kengele. Kisha Philister, kwa Kiswahili. Huko kazini Kiingereza kilikuwa cha sera na Kiswahili kilikuwa cha amri.

"Arvid anaita."

"Dada, nimemshika huyu. Siwezi kumwacha chooni, miguu yake leo si mizuri."

"Mwache akae. Dakika mbili hatakufa. Mtoto wa Arvid ni wakili, unataka anipigie simu tena?"

"Basi shika wewe LaVonne, mimi niende."

"Niko na dawa mkononi! Dawa za watu sita! Nikikosea hizi nitaua mtu. Perpétue, jambo moja kwa wakati mmoja. Jambo lako sasa ni Arvid. Nenda. Na ukimaliza upige beji kwamba ulipumzika, nisije nikaulizwa."

Kisha Perpétue, kwa Kiingereza: "LaVonne, you don't stand. You hear me? Sit like a queen. I come back."

Viatu vikakimbia. Mlango. Sauti ya mwanamume ikilalamika kwamba televisheni imekwama kwenye stesheni moja. Kwenye uwanja wa ndege Papa Ildephonse alikuwa ameacha kusukuma mkokoteni wake wa usafi, amesimama katikati ya njia, na wasafiri wanampita huku na huku kama maji yanavyopita kisiki. Waliokuwa kwenye maboksi waliacha maboksi. Kwa mbali, nyuma ya malalamiko ya Arvid, sauti nyembamba iliita, Petunia. Ikaita tena. Kisha kishindo kidogo, kama mfuko wa unga uliowekwa chini vibaya.

Hewani hakuna aliyebonyeza nyota na sita. Walikuwa wengi, na kila mmoja alisikia pumzi yake mwenyewe tu. Jikoni Burnsville ugali uliungua.

* * *

Perpétue alipoinama kumshika LaVonne sakafuni, simu ilitoka mfukoni ikaserereka hadi mlangoni, kioo kikiwaka. Meneja, kijana wa ndevu nyekundu aliyependa kuitwa kwa jina lake la kwanza, alifika akaiona kabla hajamwona bibi. Aliiokota. Aliona simu iko hewani. Hakuhitaji kuuliza zaidi, na hakuuliza. Philister alikuwa amepiga magoti karibu na LaVonne akiushika mkono uliovunjika kwenye kifundo, na midomo yake ilifunguka mara moja, ikafungwa. Hakusema uongo. Hakusema kitu.

Perpétue aliambiwa aende nyumbani, arudi Jumatatu kwa kikao. Kama ingeonekana alimtelekeza mgonjwa, meneja alieleza kwa sauti ya upole aliyofundishwa, jina lake lingepelekwa serikalini, na hakuna nyumba ya wazee Minnesota ambayo ingemwajiri tena. Alimwambia pia pole, siku ngumu.

Jioni ile Philister aliendesha gari kuelekea nyumbani. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na kibofu kilimuuma kwa sababu hata choo alikuwa hajapata nafasi ya kwenda. Kama kawaida alipiga namba ya maombi yaliyohifadhiwa. Alimsikia Perpétue akiwaombea walioachwa Uvira. Akasikia mlango unafunguliwa. Akasikia mwanamke mmoja mkali akisema, toka huko, na kwa nukta nzima alijiuliza huyu ni nani anayezungumza na mtu hivyo.

Aliegesha pembeni, nje ya kituo cha mafuta, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya laini na kuifuta Jumatano.

Kesho yake Eliezer alimwamsha binti yake mapema. "Piga ile namba ya kusikiliza. Wewe unajua haya mambo. Tutampelekea meneja, asikie nani alisema nini."

Merveille alipiga, akasikiliza, akapiga tena. "Papa, there's Tuesday," alisema. "There's no Wednesday." Kisha akahamia Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Jumatano haipo. Ameiondoa."

* * *

Jumamosi mchana Philister alifika Burnsville na mkate na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekwenda kwenye msiba. Eliezer alimfungulia akabaki amesimama mlangoni. Perpétue ndiye aliyesema, "Karibu, dada. Ingia, kuna baridi," akampa kiti kisichoyumba na kumwekea chai. Mgeni ni mgeni.

"Nimezungumza na meneja," Philister alisema, akiwa bado na koti. "Ameahidi. Ukikubali kwamba ulikosa umakini kwa sababu ya simu, ufanye kozi fulani ya focus kwenye mtandao, basi. Onyo la tatu hawaliandiki, unarudi kazini. Jina lako haliendi popote. Si unaona? Ni simu tu. Na simu ni kweli ulikuwa nayo."

"Na yule aliyesema dakika mbili hatakufa," Eliezer aliuliza kutoka mlangoni, "yeye atafanya kozi gani?"

"Papa Merveille," Perpétue alisema.

"Acha niulize! Tumekimbia watu wenye bunduki, leo tunamwogopa mwanamke mwenye mkate?"

Philister alikizungusha kikombe. "Mimi nikianguka, shemeji, hamtabaki salama. Nani atawaingiza watoto wenu kazini? Nani alimwingiza mkeo? Mnafikiri wale wananipenda? Kila wiki nahesabiwa kama ninyi. Korido ikichelewa, jina ni langu."

Hayo yalikuwa kweli pia, na kila mtu mle ndani alijua. Ndivyo mashine hii ilivyotengenezwa: humweka mtu wetu mlangoni ili atukemee kwa lugha yetu, na mwenye nyumba asisikike akipaza sauti.

Perpétue aliivuta stuli, akaketi karibu kabisa na mgeni.

"Dada, nikuulize. Uliisikiliza ile Jumatano kabla hujaifuta?"

Philister alikiweka kikombe mezani.

"Mimi nilikuwa kwa Arvid, televisheni inapiga kelele. Sikusikia. Nimemuuliza huyu baba, ananiambia LaVonne hakuita. Najua ananionea huruma. Niambie wewe. Aliita?"

Chai ilikuwa imeanza kutanda utando juu. Nje mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, kwa nguvu, bila kupumzika.

"Aliita," Philister alisema. "Mara mbili."

"Aliniita nani?"

"Petunia."

Perpétue aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu chake kilichopotea. "Aksanti," alisema. "Basi siwezi kusema akili yangu haikuwa kwake. Yeye anajua ilikuwa kwake. Aliniita kwa sababu alijua. Dada, kunywa chai, inapoa."

* * *

Siku iliyofuata ilikuwa sehemu ya pili ya semina. Philister angeweza kusema anaumwa. Lakini tangazo lilikuwa limeshatoka, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja ratiba. Aliunganisha waya zake, akageuka kuwatazama watu, akaona jambo kabla hajafungua kinywa: siku ile hakusinzia mtu. Ukumbi mzima ulikuwa macho.

Papa Ildephonse aliinuka. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Dada, samahani sana. Jumapili iliyopita nililala, sikusikia jibu. Kengele zikilia mbili?"

"Papa, tutafika huko—"

"Hata mimi," alisema mama mmoja nyuma. "Zikilia mbili, na niko peke yangu?"

"Na mimi nauliza hilo," mwingine akasema, yule mama ambaye mtoto wake alikuwa akifanya mtihani wa udereva.

Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyetaja Jumatano. Waliuliza mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kama watu wanaopanga foleni, na foleni walizijua. Mchungaji Mugisho alinyanyuka nusu kutoka kitini, akatazama nyuso zile, akarudi kukaa. Perpétue alikuwa safu ya pili, anatazama mikono yake. Yeye hakuuliza. Alikuwa ameshauliza.

Philister alisimama hadi maandishi ya ukutani yakazimika yenyewe, ikabaki buluu tupu.

"Hakuna jibu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hakuna jibu la kujipanga. Kengele mbili, mtu mmoja, hata ajipange vipi, mzee mmoja ataachwa. Jibu ni mtu wa tatu kwenye korido. Niliomba mtu wa tatu tangu kipupwe kilichopita. Nikaomba tena. Wakanitumia hii." Alinyoosha kidole kwenye kompyuta. "Hii semina, ni wao walinitumia. Mimi niliitafsiri tu."

Mtu fulani aliguna, si kwa hasira.

"Na Jumatano nilimwambia amwache. Mlisikia. Alikataa, nikamwambia tena. Na nikafuta, ndiyo, nikafuta. Sasa niko hapa nawafundisha nini?" Alianza kukusanya waya. "Kesho nitamwambia meneja."

"Utamwambia kwa lugha gani?" Eliezer aliuliza.

Baadhi ya watu walimgeukia, wamekasirika. Lakini Philister alilichukua swali kama lilivyokuja.

"Kwa Kiingereza, shemeji. Yote."

* * *

Na alisema yote. Perpétue alikuwepo, kwenye kiti alichowekewa kwa kikao cha Jumatatu ile, akamwona meneja akiandika, akiacha kuandika, akiuliza polepole kama Philister ana hakika anataka hili liingie kwenye kumbukumbu. Alikuwa na hakika. Jina la Perpétue halikupelekwa serikalini. Lakini simu ni simu. Watu wa nje walisikia mambo ya mgonjwa, na hilo lilitosha kuwa onyo la tatu. Alirudisha beji siku hiyohiyo. Philister alivuliwa cheo, akangoja wiki chache kwa ajili ya heshima, kisha akaondoka. Sasa anafanya kazi katika nyumba nyingine ya wazee, anasukuma viti vya magurudumu, na wanaofanya kazi naye wanasema amekuwa mzito kidogo kutoka vyumbani mwa wazee. Pale Maplewood walibandika tangazo jipya juu ya mlango wa chumba cha mashuka, kuhusu simu. Mtu wa tatu hakuajiriwa.

Perpétue alipata kazi ya asubuhi katika nyumba ya wazee karibu na kwake. Mshahara ni mdogo zaidi, nao wana beji. Miezi ya kwanza walikula maharage na kuazima gari la Papa Ildephonse, lao lilipoharibika. Theluji ilipokwisha kabisa, binti wa LaVonne alimpigia simu. Alikuwa ameitafuta namba kwa watu wengi. Mama yangu anamuulizia mtu anayeitwa Petunia, alisema, na hakuna anayemjua.

Alikwenda Maplewood Jumamosi, amevaa kitenge chake cha sikukuu na koti juu yake. Kijana wa mapokezi hakumtambua. Alimwelekeza kwenye kioo cha wageni kujiandikishia, kikamuuliza jina, kikamuuliza anamtembelea nani, kikamuuliza atakaa muda gani: robo saa, nusu saa, saa moja. Alikitazama. Hakubonyeza lolote, akapita.

Koridoni kengele moja ilikuwa inalia. Msichana mgeni wa sare mpya alimpita akikimbia, jasho usoni, hata hakuinua macho. Kengele ya pili ikaanza. Perpétue alisimama. Miguu yake ilijua njia ya vyumba vyote viwili, na mwili wake ulikuwa umeshainama mbele kama wa mtu anayetaka kukimbia. Lakini leo hakuwa na ruhusa ya kumgusa mtu mle ndani. Alisubiri hadi ya kwanza ikanyamaza. Ya pili iliendelea kulia. Iliendelea muda mrefu.

Alibisha mlango wa LaVonne, akangoja aitikiwe ndipo akaingia. Bibi alikuwa dirishani, mkono mmoja mwembamba kuliko mwenzake tangu utoke kwenye plasta. Aligeuka, akamtazama kuanzia kitenge hadi uso, akakunja paji.

"You're late, Petunia."

"I am late," Perpétue alisema. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akavuta kiti karibu na kukaa. Kisha akaanza mwanzo kabisa: umelalaje, umeota nini, mgongo unasemaje, watoto wamepiga simu?